Kicheko Changu Usoni mwa Rozina

Mwanamke aliyebisha hodi kwangu asubuhi ile alikuwa amejifunika kitenge mpaka puani. Nikamkaribisha, nikamvutia kiti, nikamuuliza kama atakunywa chai. Hakukaa. Alisimama katikati ya sebule, akahakikisha kwamba ni mimi, kisha akakishusha kitenge.

Nikacheka.

Wala si kutabasamu. Nilicheka kile kicheko changu kikubwa cha kushika mbavu, ambacho nchi nzima inakijua. Mama yule sikumfahamu. Hakuwa amesema neno lolote la kuchekesha. Alikuwa mtu wa makamo, macho yamevimba, midomo imepasuka kwa baridi ya Iringa, na kila nilipomtazama kicheko kilipanda upya. Nikaziba mdomo kwa mikono miwili, kikatokea puani.

"Na wewe pia," akasema. "Nilidhani labda wewe mwenyewe kitakuogopa."

Nikageukia ukuta. Hapo ndipo nilipoweza kuvuta pumzi.

"Mama, nisamehe. Sijui nimepatwa na nini."

"Mimi najua. Usigeuke. Ongea ukiwa umeangalia huko huko, tutaelewana."

Basi nikampokea mgeni wangu hivyo, nimempa mgongo kama mtu asiye na malezi. Akaniambia anaitwa Rozina Kalinga, ametoka Kilolo. Alikuwa amemzika binti yake, Ezelina, mtoto wa kidato cha pili. Mpwa wake alirekodi mazishi, akayaweka mtandaoni ili ndugu walio mbali nao waone, kama watu wanavyofanya siku zote. Sasa Rozina akienda sokoni, watu wanamcheka.

"Na si watu wabaya," alisema. "Wanaziba midomo. Wananiomba radhi huku wanacheka, wengine wanalia kwa aibu. Padri alinicheka nimekinga mikono kupokea komunyo, hostia ikamtoka. Mume wangu alivumilia, akavumilia, mwisho amehamia kwa kaka yake, maana kila tukikaa mezani ananitazama na anaanza. Mtoto ni wake pia, Bertilda. Anataka kumlilia mwanawe, na akiniona mimi anacheka."

"Lakini mimi nimehusika vipi, mama?"

"Kicheko ni chako. Nimekipokea kwako miaka mingi, nakijua kuliko ninavyojua cha dada yangu. Kimetoka kwenye Kapu lako."

Kapu langu ndilo lililonipa jina. Kila Jumamosi nilikuwa nakusanya vitu vilivyonigusa mtandaoni, vya zamani na vya juzi, nawapelekea watu. Mwanakwaya wa besi aliyepiga chafya katikati ya amina, na kwaya nzima ikaipokea kama vile imo kwenye nota. Tangazo la sabuni ambalo mbuzi anakula shati jeupe mpaka linabaki kola. Bwana mmoja aliyepima miavuli chini ya bomba la maji na kuitolea hukumu moja moja kama hakimu. Chini ya kila kimoja niliandika kwa nini nimekipenda, kimenikumbusha nani, kimeniuma wapi. Watu walisoma, wakabishana nami, wakanitumia vya kwao.

Kisha ukaja ushanga. Unapandikizwa nyuma ya sikio, unanasa mguso wako unapotazama kitu, na ukimtumia mtu kitu hicho, mguso nao unakwenda. Hupeleki wimbo tu, unapeleka na vinyweleo vilivyokusimama. Na mguso huo unajishika kwenye sura na sauti. Mtu akikutana barabarani na yule bwana wa miavuli, furaha niliyokuwa nayo mimi inamrudia papo hapo. Kampuni ya Mrindimo iliita hiyo zawadi isiyoisha.

"Mama Rozina," nikauambia ukuta, "miezi yote hii niko hospitali namuuguza mdogo wangu. Kapu limelala. Sijatuma kitu."

"Halijalala hata wiki moja. Fungua uone."

Nikafungua. Zilikuwepo Jumamosi zote, zimejaa, kwa jina langu. Nyimbo ambazo sijawahi kuzisikia, na mguso wangu umo ndani yake. Na yeye alikuwemo: Rozina kandokando ya kaburi, amevaa sweta ya shule ya kijani, imembana kifuani, mikono imeishia kwenye viwiko, anazunguka na kuita. Hiyo sweta ilikuwa ya Ezelina. Aliniambia aliivaa kwa sababu ilikuwa bado inanukia mtoto. Niliitazama nimeuma kidole mpaka kikatoka damu, na bado nilicheka.

Msiniambie niuzime ushanga. Ushanga siku hizi ndio simu, ndio ufunguo wa mlango, ndio kadi ya hospitali. Mrindimo walihakikisha hivyo kabla ya kuanza ujinga wao.

*

Ofisi ya Mrindimo ilikuwa na mazulia manene na maua yasiyokufa. Alinipokea kijana anayeitwa Zuberi Kitwana, msimamizi wa makapu yote ya Nyanda za Juu, mtanashati, ananukia vizuri. Akaniita dada. Akataka kuniletea maji.

"Sina kiu," nikamwambia. "Nani amecheka kwa jina langu?"

"Dada Bertilda, ni Pacha tu."

"Pacha gani? Mama yangu alinizaa peke yangu."

Akatabasamu kana kwamba nimetania. Akaeleza kwamba wana miguso yangu yote ya tangu siku ya kwanza, na kutokana nayo mashine imejifunza jinsi ninavyoguswa. Ukiipa video mpya, inajua mimi ningecheka wapi, ningelia wapi. Nilipopatwa na matatizo ya familia, wasikilizaji walikuwa wananisubiri, wao wakaona wanisaidie.

"Mnisaidie kucheka?"

"Tusiwaache watu wako wakae bila kitu, dada."

Nikamwambia anionyeshe ni wapi Pacha wake amejifunza kumcheka mama aliyefiwa. Hakupenda, lakini akatafuta, na ikatokea ukutani mbele yetu. Niliitambua palepale, kwa sababu ni moja ya vitu nilivyovipenda kuliko vyote.

Ni video ya msiba wa zamani. Amekufa mzee wa Kihehe, amekula chumvi nyingi, wajukuu wamejaa uani. Anaingia bibi mmoja wa Kingoni, amevaa koti la marehemu na kofia yake. Anatembea kwa ule mwendo wa marehemu wa kuchechemea, anawagombeza wajukuu kwa sauti ya babu yao, anamuuliza mjane kwa nini ugali wa jana ulikuwa mbichi. Jeneza linapotoka analala njiani, anasema hapiti mtu hapa mpaka nipewe kuku wangu. Mjane anacheka mpaka anashikwa asianguke, halafu analia, kilio kinatoka chote kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Mimi ni Mngoni. Wahehe ni watani wetu. Mababu zetu walichinjana, walipochoka wakapatana, na mapatano yenyewe yakawa haya, kwamba mpaka leo naweza kumtukana Mhehe mbele ya jeneza la baba yake na yeye hana ruhusa ya kununa. Ndiyo maana nilicheka. Niliyaandika yote hayo chini ya video ile, ukurasa mzima. Niliandika kwamba kicheko cha mtani ni kazi, kama kuchimba kaburi ni kazi, na anapewa mwenye haki nayo. Niliandika kwamba kwenye msiba wa mtoto, mtani mwenye akili hafungui mdomo. Anachota maji, anaosha masufuria.

"Maelezo yangu yako wapi?" nikauliza.

"Maneno tuliyaondoa mwaka jana, dada. Tuliona watu hawasomi. Mguso unatosha."

"Na Pacha hakuyasoma?"

"Pacha hujifunza kwa picha na mguso. Kaburi, mwanamke, nguo ya marehemu." Akasita. Ninampa haki yake, alisita. "Akaona ni kitu kilekile."

Nikasimama. Zulia lile lilinikera kwa ulaini wake.

"Kitu kilekile! Yule bibi aliitwa. Alikuwa na haki, na mjane alikuwa anamsubiri. Wewe umechukua kicheko cha mtani ukawagawia watu baki, ukawaelekeza kwa mama aliyevaa sweta ya mwanawe. Unajua kwenu mtu akifanya hivyo msibani anafanywa nini?"

"Dada, lilikuwa kosa la kitaalamu."

"Basi lifute."

Hapo ndipo alipoacha kutabasamu. Akanieleza, na safari hii alieleza kama mtu anayeogopa. Video walishaiondoa, lakini mguso ulikuwa umeshajishika kwenye sura ya Rozina, ndani ya kila ushanga ulioupokea, na wangu pia, maana kila kinachotoka kwenye Kapu kinapita kwangu. Kicheko hicho hakitoki mahali pamoja. Pacha alikisuka kwa vicheko vyangu vyote, kidogo kutoka kwa mbuzi, kidogo kutoka kwa chafya ya kwaya, hakuna mkasi wa kukitenga. Kuna njia moja tu, nayo ni kung'oa chanzo. Mwenye miguso anabana ushanga wake, anatamka kwamba anajiondoa, na kila alichowahi kumgusia mtu kinatoka kwa kila mtu. Hakirudi. Kampuni haiwezi kufanya hivyo wala haiwezi kumzuia.

"Kwa hiyo naweza kufanya sasa hivi," nikasema.

"Unaweza." Akayarekebisha maua yasiyohitaji kurekebishwa. "Ila mfikirie mdogo wako kwanza. Tunafahamu kwamba Kolumba anaishi kwa miguso yako."

Nasema wazi, nilitaka kumzaba kibao. Kilichonizuia ni kwamba alikuwa amesema kweli.

*

Kolumba alikuwa mpiga ngoma. Lizombe, ngoma yetu ya Kingoni, ikichezwa, hata wazee wa Songea waliokuja kukosoa walijikuta wameinuka. Kisha akashikwa na homa ya ubongo, ikamtoka, ikaondoka na kitu. Anasikia vizuri, anaona vizuri, anakumbuka majina ya watu wote. Lakini hakuna kinachomgusa. Chakula mdomoni mwake ni kitu cha kutafuna. Mama yetu alipofariki, Kolumba aliuliza tutakula saa ngapi. Alikuwa anakauka kitandani, si kwa maumivu, bali kwa kukosa sababu ya kuinua kijiko.

Ndipo daktari akajaribu miguso yangu. Siku ya kwanza nilimwekea yule mbuzi na shati. Kolumba akacheka, kicheko changu kikatoka kwa sauti yake, akaomba uji, akamaliza bakuli. Tangu hapo anaishi hivyo. Anafurahi kwa furaha yangu. Mara nyingi anataka video moja, ambayo anapiga ngoma yeye mwenyewe kwenye harusi ya binamu yetu, kwa sababu mguso uliomo ni wa kwangu siku ile nimesimama nyuma ya watu, nimejaa fahari. Mdogo wangu anajipenda kwa moyo wangu.

Nikampeleka Rozina wodini. Nilijiambia kwamba nampeleka ili ajue ninachoombwa kutoa. Ukweli ni mbaya zaidi. Nilitumaini kwamba akimwona Kolumba atalegea, ataniambia basi, mwanangu, acha tu, nitazoea.

Tulimkuta ameegemea mito, jua la mchana limemjaa shukani, ukutani ile video ya harusi, ngoma yake inarindima. Alikuwa anatikisa bega. Akanipungia mkono.

"Dada! Umeniletea mgeni?"

Rozina akashusha kitenge.

Kolumba akaangua kicheko. Akajipiga paja. Machozi yakamtoka, akajipangusa, akamtazama tena, akaanza upya. Mimi nilitazama sakafu. Nilimsikia Rozina amesimama palepale, hakukohoa, hakuondoka. Wale wengine wote walikuwa wanaona aibu wakimcheka. Kolumba hakuwa na aibu ya kuona. Aibu sikuwahi kumtumia.

"Huyu mama ni nani?" akasema kwa shida. "Mwambie asiende! Dada, sijafurahi hivi tangu lini?"

"Kolumba, mama huyu amefiwa na mtoto."

"Lo," akasema, na kicheko kikamponyoka tena.

Rozina akanigeukia. Nilijua amenigeukia kwa sababu sauti yake ilinijia karibu.

"Namwona," alisema. "Ni mgonjwa, na ni kijana mzuri, na unampenda. Umenileta hapa ili niseme acha. Sisemi."

Hakuna aliyewahi kunisoma mpaka moyoni kama alivyonisoma mama yule, na hata uso wake sikuweza kuutazama. Nikapandwa na hasira. Hasira kwake, kwa kukataa kunitoa kwenye jambo hili kwa wema. Hasira kwa Zuberi na maua yake. Hasira kwa wale wote waliopokea maneno yangu yakiwa yamekatwa na hakuna hata mmoja aliyeuliza yamekwenda wapi. Nikakaa kitandani, nikamshika mdogo wangu mkono, nikamweleza yote, sweta, sokoni, padri, mume. Alinisikiliza. Akili yake ni nzima. Alielewa kila kitu.

"Kwa hiyo ukijing'oa, yeye hachekwi," akasema.

"Ndiyo."

"Na mimi nitarudi kule."

"Ndiyo, Kolumba."

Kicheko kilikuwa kimeisha. Alikuwa ameingiwa na woga, na hata huo nadhani ulikuwa wangu, wa siku fulani niliyotazama kitu cha kutisha.

"Usifanye hivyo, dada. Tafadhali. Hujui kule kukoje. Si giza, giza lingekuwa afadhali. Ni kama kukaa kwenye foleni ambayo hujui ni ya nini." Akanibana mkono. "Huyo mama simjui. Na wewe humjui. Mimi ni mdogo wako."

"Najua."

"Ahamie mbali. Kuna nchi hawana ushanga. Mimi nitahamia wapi?"

Angekuwa anakosea ningemgombeza. Hakuwa anakosea. Alikuwa anaomba tu uhai wake, kama ambavyo mtu yeyote angeomba. Lakini nilimsikia akisema huyo mama simjui, na nikajua kwamba hayo hayo ndiyo waliyoyasema Mrindimo walipompachika kicheko changu usoni. Hawakumjua. Kama na mimi ningesema hivyo, basi kicheko kile kisingekuwa tena cha Pacha. Kingekuwa changu kwelikweli, na ningekuwa nimekituma mwenyewe, nikijua.

Na bado nilitaka kukituma. Niliutazama mkono wa Kolumba, ule wenye sugu za fimbo za ngoma, nikataka kumwambia Rozina atoke, apotee, akafie huko Kilolo. Nilifungua mdomo nimwambie. Yeye alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni, anakikunja kitenge chake, anakikunjua.

Nikaupeleka mkono nyuma ya sikio.

"Dada," Kolumba akasema. "Dada, subiri. Ngoja basi wimbo uishe."

Ngoma ilikuwa imefika pale wanawake wanapoingia na vigelegele. Akaanza kutikisa bega, haraka haraka, kama mtu anayemalizia sahani, akanitazama na kunichekea ili niione furaha yake. Ningengoja wimbo uishe ningengoja na mwingine.

Nikabana. Nikatamka.

Bega lake likasimama. Tabasamu lilibaki mdomoni kwa muda, halina kazi, kisha likashuka. Mkono aliokuwa amenibana ukalegea, akaurudisha kwenye shuka kwa utaratibu. Nikageuka kumtazama Rozina. Kwa mara ya kwanza niliuona uso wake. Ulikuwa uso wa mwanamke aliyemzika mtoto, basi, na nililia mbele yake kwa sauti, kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kufanya mbele ya uso ule.

Rozina hakunishukuru. Aliinuka, akaenda kitandani, akamwinamia Kolumba.

"Pole, baba," akamwambia.

Kolumba akamtazama usoni. Hakucheka.

"Pole ya nini?" akauliza.

Rozina akajibu kwa kumfunika shuka. Ukutani mdogo wangu alikuwa bado anapiga ngoma, jasho linamtiririka, meno yote nje, harusi nzima inamshangilia. Kolumba aliisikiliza kidogo, akakunja uso.

"Dada," akasema, "zima hiyo kelele."

Nikaizima.